Kipokea sauti cha kushoto hakikai, cha kulia hufa mapema: kosa ni la kifaa au ni langu?

MtembeaMbali ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wa wenye uzoefu na vipokea sauti vya kuingiza sikioni, yaani vile vidogo vyenye kimpira kinachoziba tundu la sikio, si vile vinavyoning'inia mlangoni mwa sikio wala vile vikubwa vya kufunika sikio zima. Mimi hutembea kwa miguu saa moja na zaidi kila siku nikisikiliza muziki na vitabu vilivyosomwa kwa sauti, na katika miaka miwili iliyopita nimetumia jozi tatu, mbili za waya na moja isiyo na waya, ambazo zote zimenisumbua kwa namna inayofanana mno hata nimeanza kujishuku mwenyewe.

Tatizo la kwanza ni kukaa. Cha kulia hutulia bila shida, lakini cha kushoto huanza kulegea baada ya dakika kumi hivi, na nikizungumza na mtu au nikipiga mwayo hutoka kabisa. Nikikisukuma ndani zaidi kinauma. Sauti yenyewe ni nyembamba, haina besi, nami hulazimika kuipandisha hadi karibu na mwisho ili nisikie maneno barabarani, ilhali rafiki yangu mwenye jozi ya aina ileile hulalamika kwamba besi yake imezidi.

Tatizo la pili ni uhai. Jozi mbili, moja ya waya na ile isiyo na waya, zilififia upande wa kulia polepole, ndani ya miezi minane, hadi nikawa sisikii karibu kitu chochote. Ile nyingine ya waya hukatika na kurudi kila ninapoigusa karibu na pini. Zote tatu bado zipo kwenye droo. Kabla sijanunua jozi ya nne iliyo ghali zaidi, ningependa kujua kama ughali huo utaniponya au nitarudi hapa mwakani na droo iliyojaa zaidi.

Msikivu amejibu:

Usinunue kwanza. Umetupa ushahidi wenyewe bila kujua: kifaa ni kilekile, rafiki yako anasikia besi na wewe huisikii, kwa hiyo tofauti haipo kwenye kifaa bali kwenye hewa inayovuja kati ya kimpira na ngozi ya sikio lako. Spika iliyomo ndani ya kipokea sauti ni ndogo sana, na inaweza kutoa besi kwa sababu moja tu, kwamba inasukuma hewa ndani ya chumba kidogo kilichofungwa, ambacho ni mfereji wa sikio lako. Ukiacha mwanya, hata mwembamba kiasi cha mkunjo mmoja kwenye silikoni, mawimbi ya chini ya hezi 200 hivi hutoroka, huku sauti za kati na za juu zikibaki. Ukipandisha sauti hurudishi kilichotoroka, bali unazidisha kilichobaki, na ndiyo sababu unasikia kelele kali isiyo na kifua.

Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa takriban sentimita 2.5 na upana wa takriban milimita 7, na haukunyooka, bali umepinda kama herufi S. Theluthi yake ya nje imezungukwa na gegedu, kwa hiyo inanyumbulika. Sehemu iliyobaki imezungukwa na mfupa, na ngozi yake ni nyembamba na yenye maumivu ya haraka. Kiungo cha taya nacho kipo mbele tu ya ile sehemu laini, kiasi kwamba ukifungua mdomo umbo la mfereji hubadilika kidogo. Hapo ndipo siri ya mwayo wako ilipo. Kimpira kilichoshikilia kwa shida mdomo ukiwa umefumbwa hakiwezi kushikilia ukiwa wazi, na kila neno unalotamka hukisogeza nje kwa kiasi kisichoonekana.

Wengi hubaki na vimpira vya saizi ya kati kwa sababu ndivyo vilivyokuja vimevishwa kwenye kifaa, huku vile vya saizi nyingine vikilala ndani ya boksi. Vitoe. Jaribu kila sikio peke yake, kwa sababu hakuna sheria inayodai masikio mawili ya mtu mmoja yavae saizi moja, na kwa watu wengi hayalingani. Kimpira kidogo mno huingia kwa urahisi wa kudanganya, kisha huzunguka bila ukinzani na besi hupotea ukigeuza shingo. Kikubwa mno hukunjamana mlangoni, hujisukuma nje chenyewe, au huacha maumivu baada ya nusu saa. Kwa maelezo yako ninashuku kwamba sikio la kushoto linahitaji saizi kubwa kuliko uliyovaa, na kwamba maumivu unayopata ukisukuma ni ya shingo ya kifaa kugonga ukuta penye kona, kwa kuwa unajaribu kupata kwa kina kile ulichokikosa kwa upana.

Namna ya kuvaa nayo ina uzito wake. Pitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, vuta sikio la kushoto kwa upole kwenda juu na nyuma ili mfereji unyooke, ingiza kifaa kwa mkono mwingine ukikizungusha kidogo na kukielekeza mbele kwa usawa wa pua, kisha achia sikio lijifunge juu yake. Baada ya hapo fumba mdomo uvumishe sauti, "mmm", bila muziki. Ikiwa masikio yote mawili yamezibwa sawasawa, utaisikia sauti yako katikati ya kichwa. Ikiwa imeegemea kulia, basi kushoto kunavuja. Kipimo hiki hakigharimu chochote, na mimi hukiamini kuliko vile vya kwenye programu za simu, ingawa navyo vinasaidia.

Kama saizi zote za silikoni zitashindwa, jaribu vimpira vya sponji. Unakivingirisha kwa vidole mpaka kiwe chembamba, unakiingiza upesi, kisha unakishikilia sekunde 30 hivi kikivimba na kuchukua umbo la sikio lako. Kwa mtu ambaye taya lake hufukuza silikoni, sponji ndiyo dawa, kwa sababu hufuata mfereji unapobadilika badala ya kupambana nao. Kuna pia vimpira vya ngazi mbili au tatu, kama vile vilivyojulikana sana kupitia kipokea sauti cha ER-4 ambacho kampuni ya Etymotic Research ya Marekani ilikitoa mwaka 1991. Vinaziba vizuri ajabu, lakini vinaingia ndani sana, na kwa mtu anayelalamikia maumivu nisingeanzia huko.

FundiWaya amejibu:

Ninakubaliana na Msikivu kuhusu kuvuja, isipokuwa hapo kwenye sponji naomba aongeze kwamba sponji hunyonya jasho na mafuta ya ngozi, haivumilii spiriti, na kwa mtu anayetembea saa moja kila siku huanza kuchoka ndani ya miezi michache. Silikoni unaiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, unaikausha, unaendelea. Anayechagua sponji ajue kwamba amechagua pia kununua sponji nyingine.

Sasa tuje kwenye droo, kwa kuwa mimi ninaona vifaa vilivyozikwa vikiwa hai. Kinachofifia polepole kwa miezi, bila mikwaruzo na bila kukatika, mara nyingi hakijafa, bali kimezibwa na nta ya sikio kwenye wavu mdogo uliopo mdomoni mwa kifaa. Waya uliokatika hautendi hivyo: hukata ghafla, hurudi ukiukunja, hukwaruza. Kwa hiyo una magonjwa mawili tofauti. Kabla hujagusa chochote, fungua mipangilio ya simu uhakikishe kwamba uwiano wa kushoto na kulia upo katikati, maana nimeletewa kifaa kizima kwa sababu tu mtu aliusogeza kwa bahati mbaya. Tazama pia tundu la simu; vumbi la mfukoni likishindiliwa humo, pini haifiki mwisho, na upande mmoja hunyamaza.

Kusafisha wavu ni kazi ya subira. Toa kimpira, kwanza ukitazame chenyewe kwenye mwanga, kwani pengine nta imeganda ndani ya tundu lake na si kwenye kifaa. Kisha geuza kipokea sauti, wavu ukiwa unaangalia chini, na usugue taratibu kwa mswaki laini mkavu ili uchafu udondoke badala ya kuingia. Mwelekeo huo wa chini ndio kazi yenyewe. Usichokonoe kwa sindano, kwa kuwa nyuma ya wavu, kwa umbali mdogo sana, kuna kiwambo cha spika kinachotoboka kama karatasi. Usidondoshee maji wala spiriti kwenye wavu, maana huyeyusha nta na kuipeleka ndani ambako hutaifikia tena. Kwa ile isiyo na waya, futa pia vile vijisahani vya chuma vya kuchajia, kwenye kifaa na ndani ya kasha, kwa kijiti cha pamba kikavu. Kipokea sauti kisichogusana vizuri na kasha hakichaji, na mwenyewe hudhani kimekufa.

Ile inayokatika karibu na pini ni waya uliovunjika ndani ya ganda. Nyuzi za shaba ni nyembamba sana, na kila unapouzungusha waya kwenye simu huku pini ikiwa imechomekwa, unazikunja palepale, siku baada ya siku. Fundi anaweza kukata sehemu iliyoharibika na kulehemu pini mpya ya milimita 3.5, ila uliza kwanza kama kazi hiyo inalipa. Kwa jozi zijazo, chomoa kwa kushika pini na si waya, kunja waya kwa mizunguko mipana isiyobana, na uuweke kwenye kijimfuko kigumu badala ya mfukoni pamoja na funguo. Ukiweza kupata jozi ambayo waya wake huchomoka kwenye kipokea sauti chenyewe, ichukue, kwa sababu waya ndio huanza kufa na hapo utabadilisha waya peke yake. Lakini usiuchomoe kila siku kwa kujifurahisha, kwa kuwa viungo vile navyo huchakaa.

Kuhusu isiyo na waya nitasema machache. Betri yake ya lithiamu ni ndogo mno, huchoka kwa kuchajiwa mara nyingi na huchoka zaidi kwa joto, na kwa aina nyingi haibadilishiki bila kuharibu ganda. Usiiache ndani ya gari lililoanikwa juani. Usiifungie kwenye kasha ikiwa na jasho, kwa sababu unyevu na umeme wa kuchajia vikikutana hula vile vijisahani. Maandishi ya IPX4 yanamaanisha kwamba kifaa kinahimili matone ya maji kutoka pande zote, si kwamba kinaweza kuogeshwa, na hata IPX7, ambayo hupimwa kwa kuzamisha kifaa mita 1 kwenye maji yasiyo na chumvi kwa dakika 30, haisemi lolote kuhusu sabuni au kuhusu kifaa kilichokwisha kuanguka mara kumi.

MpimaMasikio amejibu:

Kazi yangu ni kupima usikivu, kwa hiyo nitabaki kwenye sikio lenyewe. Mwuliza swali anashangaa kwamba cha kulia, kinachokaa vizuri, ndicho kinachofifia. Mimi sishangai. Nta hutengenezwa katika ile theluthi ya nje ya mfereji, na kwa kawaida hutoka yenyewe taratibu. Kifaa kinachoziba vizuri kwa saa nyingi huizuia kutoka, hukutana nayo, na sehemu yake hurudishwa ndani. Cha kushoto kimepona kwa sababu hakijawahi kukaa. Ukishapata kimpira sahihi, tarajia kwamba upande wa kushoto nao utaanza kuhitaji mswaki kila wiki. Usijaribu kulitangulia tatizo kwa kuchokonoa masikio kwa vijiti vya pamba, kwani vijiti hivyo husukuma nta kuelekea kwenye kiwambo cha sikio. Kukiwa na mwasho usiokwisha, maumivu unapogusa sikio, majimaji au usikivu uliopungua hata ukiwa huna kifaa, acha kuvitumia na umwone daktari. Joto na unyevu uliofungiwa huweza kuleta maambukizi ya mfereji, na ni bora kutoazimana vifaa hivi.

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni kile ulichokitaja kwa kupita, kwamba unapandisha sauti hadi karibu na mwisho. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hupungua kwa nusu: kwa desibeli 83 ni saa 20, kwa 86 ni saa 10, kwa 92 ni saa mbili na nusu za wiki nzima. Matembezi yako ni saa saba kwa wiki na zaidi. Kimpira kinachoziba hupunguza kelele za nje, na kwa hiyo kinakuruhusu kushusha sauti bila kupoteza neno, jambo ambalo kwangu lina thamani kuliko besi yoyote. Kwa upande mwingine, hutasikia gari linalokuja nyuma yako. Penye magari, vaa kimoja tu, au kama kifaa chako kina hali ya kupitisha sauti za nje, iwashe.

Utoaji nao una adabu yake. Usikinyofoe kwa ghafla kifaa kilichoziba vizuri, bali kizungushe kidogo ili hewa iingie pembeni kwanza, la sivyo mvuto wake hukivuta kiwambo cha sikio. Vivyo hivyo, ukisikia mlio kama wa karatasi inayokunjwa unapokiingiza, hicho ni kiwambo cha spika kinachobonyezwa na hewa iliyokosa pa kutokea. Ingiza polepole zaidi.

Ikiwa yote haya yatashindwa, lipo suluhisho la kuchukuliwa umbo la sikio kwa mtaalamu, ambaye hujaza silikoni laini kwenye mfereji, huisubiri igande, na kutokana na umbo hilo hutengenezwa kipokea sauti au kimpira kisichomfaa mtu mwingine. Mtu mwenye shida ya taya kama yako anapaswa kuomba umbo lichukuliwe mdomo ukiwa wazi, ukiwa umeuma kipande cha kuzuia taya lisifunge, ili kilichotengenezwa kisivuje atakapozungumza. Ila usianzie huko.

MtembeaMbali amerudi:

Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kujaribu kabla ya kushukuru. Kipimo cha "mmm" kilinionyesha mara moja: sauti iliegemea kulia, na haikuja katikati mpaka nilipovaa saizi kubwa upande wa kushoto na kubaki na ya kati upande wa kulia. Besi ikatokea ghafla kiasi kwamba nilidhani nimebonyeza kitu kwenye simu. Silikoni kubwa bado hulegea nikizungumza kwa muda mrefu, kwa hiyo kushoto nimeweka sponji na kulia nimeacha silikoni, jambo linaloonekana kama kituko lakini limedumu matembezi yote ya wiki mbili, nami sasa nasikiliza chini ya nusu ya kiwango cha sauti.

Kwenye droo, ile ya waya iliyofifia imerudi karibu kama mpya baada ya mswaki. Isiyo na waya imerudi kiasi. Ninashuku kuwa niliwahi kuifuta kwa kitambaa chenye spiriti, na FundiWaya ameshasema matokeo yake. Iliyokatika pini nimeiacha.

Limebaki jambo moja jipya. Kwa kuwa sasa masikio yamezibwa, nasikia hatua zangu, dundu, dundu, dundu, hasa kwa ile ya waya. Je, nimeziba kupita kiasi?

FundiWaya amejibu:

Hapana. Simama bila kutembea, kisha uguse waya kwa kidole. Ukisikia mdundo, sehemu ya kelele inatoka kwa waya unaosugua nguo, na utaipunguza kwa kuupitisha juu ya sikio na kuushusha nyuma yake badala ya kuuacha uning'inie, kisha uubane kwa klipu kwenye kola ili usicheze. Kinachobaki baada ya hapo ni hatua zako mwenyewe, ambazo husafiri kupitia mifupa na kukosa mahali pa kutokea kwa kuwa mlango umefungwa. Ndiyo sababu hata sauti yako unaisikia nzito unapozungumza. Jaribu kusogeza ile sponji ndani kidogo, kiasi cha milimita moja au mbili tu na bila kufikia maumivu, kwa kuwa kwa wengine mdundo hupungua kimpira kinapokaa karibu zaidi na ile sehemu ya mfupa. Usipopungua, tumia jozi hiyo ya waya ukiwa umeketi, na ubaki na ile isiyo na waya kwa matembezi hadi betri yake itakapochoka.

MpimaMasikio amejibu:

Hapo kwenye milimita mbili ningesema moja. Na viatu vyenye soli laini navyo husaidia, amini usiamini.